Kiti cha Meno katika Ua wa Baba Mkwe

Tangu nirudi kutoka Bwegera, kila ninayekutana naye hapa Songo, mtaani kwetu Uvira, ananisimamisha. Bibi, ulienda kufanya nini huko? Bibi, mbona hatukukuona kwenye kilio? Bombani wananiuliza, kanisani wananiuliza, hata mlangoni kwangu mwenyewe nikiwa na sabuni mikononi. Nimechoka kurudia. Nitaandika mara moja. Anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe na mtoto wake, halafu mniache nifue nguo zangu.

Nilienda kwa sababu ya shavu.

Furaha mnamfahamu, mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu. Miye ndiye nilimlea tangu anatambaa. Ameolewa Bwegera kwa wakulima wa mpunga, mume wake anaitwa Amani, na wana mtoto ambaye bado ananyonya. Siku hiyo asubuhi Amani akanipigia simu. Kwanza akaniuliza habari za mvua. Nikamwambia mvua iko. Akauliza habari za ziwa, kama limepanda tena. Nikamwambia ziwa liko pale ulipoliacha, mukwe wangu, sema kilichokufanya upige simu.

"Bibi, Furaha amevimba shavu kidogo. Ni jino. Lakini usisumbuke, watafiti wa meno walishafika huku."

"Walimfanya nini?"

"Waliandika."

"Nakuuliza walimfanya nini."

"Bibi, si nimesema, waliandika jina lake."

"Na shavu?"

"Shavu bado iko."

Nikamwambia ampe mwenyewe simu. Akasema hawezi kuongea vizuri, mdomo haufunguki. Nikakata simu, maana ningeendelea ningemtukana mtoto wa watu.

Ninyi mnajua mambo ya bondeni. Kila msimu wanakuja watu waliovaa gile, vile vizibao vya mashirika, wanaandika majina, na baada ya muda inakuja bashi, turubai la kuezekea, au sufuria, au mbegu. Kwa hiyo muntu akishaandikwa, nyumba nzima inakaa kitako kungoja. Mwaka wa masufuria sikusema kitu. Lakini shavu si sufuria.

Asubuhi ile ile nilipanda juu hadi kwa Saidi, shofa wa Fuso ya yule mfanyabiashara Mwislamu wa mtaa wa chini, ambaye wazee wake walifika hapa ziwani zamani za biashara ya mashua. Saidi alikuwa anakwenda Bwegera kuchukua mchele, nami nilijua. Nilimkuta anakula kitumbua, anatafuna polepole, kichwa kimelala upande mmoja kama kuku anayesikiliza.

"Weye pia?" nikamwuliza.

"Bibi, meno yangu yanafanya kazi kwa zamu. Juma hili ni upande wa kushoto."

"Na juma lijalo?"

"Juma lijalo tutaona kama kuna upande uliobaki."

Nikapanda mbele na mfuko wangu wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilizokauka vizuri, zawadi ya bamukwe. Huwezi kwenda ukweni mikono mitupu hata ukienda na hasira.

Tulipita Kavimvira, ambako ziwa liliingia katika nyumba za watu na hadi leo halijatoka katika nyingine. Baada ya hapo barabara inaachana na maji, hewa inakuwa ya moto, milima inabaki upande wa kushoto na bonde linafunguka. Kwenye bariyeri askari mmoja akaegemea dirisha.

"Bibi unaenda wapi?"

"Kwenye jino."

Akacheka, kisha akavuta mdomo wake kwa kidole akanionyesha huko nyuma, palipokuwa peusi. "Basi ukirudi, pita uchukue na hili."

Nikamwambia aondoe kamba barabarani. Miye sijafanya utafiti wowote, sina gile wala gari, lakini Sange ilikuwa bado haijaonekana na tayari nilikuwa na wagonjwa wengine mkononi.

Sange tulifika jua likiwa limepanda. Saidi alisimama kununua magunia matupu sokoni, akaniambia nisishuke, nikashuka. Hapo, mbele ya mama mmoja anayeuza wali na sombe ya majani ya muhogo, nikaona gile. Walikuwa wamekaa kwenye benchi wanakula. Nikaenda nikasimama mbele yao mpaka mmoja akainua macho, mwanamke kijana, mwembamba, mwenye kitambaa kichwani.

"Ninyi ndio mnahesabu meno ya watu?"

"Ndiyo, mama. Karibu ukae. Miye naitwa daktari Neema, tumetoka Bukavu."

"Sikai. Mjukuu wangu iko Bwegera, kwa Mzee Kashindi. Shavu limevimba, mdomo haufunguki, na wananiambia ninyi mulimwona."

Akaweka kijiko chini. "Hatukumwona, mama. Ua ule naukumbuka vizuri, kwa sababu ulinisumbua. Tuliweka kiti mahali pazuri, penye mwanga, maana bila jua hatuoni ndani ya mdomo. Mzee mwenyewe alitupokea, akakaa na sisi mpaka mwisho. Watoto walifungua. Vijana wanaume walifungua. Mzee alisema yeye ataangaliwa wa mwisho, kisha muda ukatuishia. Lakini wakaza mwana wake, wake za vijana wake, wote walikataa. Wote! Yule mwenye shavu nilimbembeleza sana. Alijifunika kitenge akatikisa kichwa. Na kazi yetu hairuhusu kumlazimisha muntu."

"Angefungua, ungemtibu?"

"Ningemtuma hospitali Uvira siku ile ile. Sisi wenyewe hatukuja kutibu. Tumekuja kujua ni watu gani wanaumwa, na wakiumwa wanafika wapi."

"Wanafika kwa jirani," nikamwambia. "Kisha wanafika kwa anayeuza dawa iliyofungwa kwenye karatasi. Kisha wanakaa. Hilo ningewaambia mkiwa Bukavu, msingechoma mafuta ya gari."

Wenzake wakatazama sahani zao. Yeye hakukasirika, na hilo nalo lilinikasirisha.

"Ndiyo hayo hayo tunataka yajulikane, mama. Ili siku moja kiti cha meno kiwekwe huku huku, na muntu mwenye kukitumia, watu wasisafiri."

"Siku moja."

"Siku moja, ndiyo."

"Siku moja iko mbali kuliko Uvira," nikasema, nikaondoka. Alinikimbilia hadi kwenye Fuso. Akasema, mama, ukimtoa pale, pitieni hapa, tupo hadi jioni. Nikasema tutaona.

Kutoka Sange hadi Bwegera sikuongea na Saidi. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Furaha. Mtoto niliyemlea miye, niliyemfundisha kunawa uso na kusalimia watu, anakuja kuketishwa mbele ya daktari, daktari anamwomba, na yeye anafunga mdomo kama mbuzi anayepewa dawa! Nilipanga maneno makali sana. Mengine nilikuwa sijayatumia tangu mama yake alipokuwa msichana.

Bwegera tuliikuta katikati ya mavuno. Wanaume walikuwa wanapiga mpunga kwenye magogo, wanawake wanapepeta, watoto wako mashambani wanafukuza ndege kwa kelele na madebe. Saidi alikwenda kupakia, akaniambia akimaliza anaondoka, hangoji muntu, hata bibi. Nikamwambia kama anataka kulala Uvira salama atangoja.

Ua wa Mzee Kashindi umefagiliwa vizuri, siwezi kusema uongo. Nyumba za vijana wake zimezunguka, katikati kuna uwanja wenye mwanga, na kando ya uwanja kuna kiti chake cha mbao chenye mgongo mrefu. Mzee alikuwa amekaa hapo, kiganja kimeshika shavu, kama muntu anayefikiri mambo makubwa. Nikampa ndagala kwa mikono miwili. Akashukuru kwa kichwa, akazitazama, kisha akaita wajukuu akawapa zote, pale pale, mbele yangu. Ndagala za kuchagua moja moja! Niliona dharau, nikaimeza.

Furaha akatoka na maji ya kunywa. Mtoto mgongoni, kitenge kimefunika mdomo hadi puani. Juu ya kitenge jicho moja lilikuwa limekuwa dogo. Nikashusha kile kitenge kwa kidole. Shavu lilikuwa limejaa, ngozi inang'aa, na uvimbe umeshuka chini ya taya, kuelekea shingoni. Nikaweka mkono. Ilikuwa kama kugusa sufuria.

Maneno yangu yote makali yakanitoka kichwani.

"Tunaondoka," nikasema.

"Hata hujakaa, bamukwe!" Huyo ni mama mkwe wake, Mama Amani, anatoka jikoni anapangusa mikono. "Utatoka kwetu bila kula? Watasema nini? Shikeni kuku!"

Ndugu zangu, walikimbiza kuku. Mtoto anachemka kama chungu, shofa anapakia, na watu wazima wanazunguka nyumba kwa kuku. Kuku mwenyewe hakuwa mjinga, alipanda juu ya paa la jiko. Nilitaka kulia. Lakini ninyi mnajua, bibi wa bibi arusi akikataa chakula cha ukweni, hiyo ni vita, na wa kulipa vita hivyo angekuwa Furaha. Nikakaa. Wakapata kuku. Wakamchinja, wakamnyonyoa, wakampika. Miye nilikuwa nasikiliza magunia yanavyoanguka ndani ya Fuso, puu, puu, puu.

Chakula kikaja. Kwetu wakwe hawali wanatazamana. Mwanamke aliyeolewa hali mbele ya baba wa mume wake, hacheki mpaka meno yaonekane, hata miayo anakwenda kuipigia nyuma ya nyumba. Na baba mkwe naye anamstahi vile vile. Sisi wazee wa pande mbili ni hivyo hivyo. Kwa hiyo Mzee Kashindi aligeuza kiti chake akaelekea ghala la mpunga, miye nikageuza changu nikaelekea ukuta. Nikaanza kutafuna, nimekaa kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, uso wangu na udongo wa ukuta, kuku wa watu mkononi.

Hapo ndipo akili ikanirudi.

"Mama Amani," nikaita bila kugeuka. "Kile kiti cha madaktari. Walikiweka wapi?"

"Pale kwenye mwanga, karibu na kiti cha mzee."

"Na mzee alikuwa wapi?"

"Si kwenye kiti chake! Hakutoka hata kidogo. Alivaa na koti."

"Hata zamu ya wakaza mwana ilipofika?"

"Hata hapo. Na Furaha alipokataa, mzee alimwambia kwa sauti, fungua kinywa!"

"Alimwambia yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

Nikaacha kuku. Nikaenda jikoni, nikamkuta Furaha ameinama, anajaribu kuingiza uji pembeni mwa meno kwa kijiko kidogo. Uji ulikuwa unarudi nje.

"Ni kweli hukufungua kwa sababu ya baba mkwe?"

Akaongea bila kusogeza taya. "Bibi, ningefungua namna gani? Baba alikuwa pale."

"Ungesema!"

"Nimwambie nani? Baba atoke kwenye ua wake?"

Miye mwenyewe nilikuwa natoka kutafuna kwenye ukuta. Nikamwuliza jino ameliwekea nini. Akanionyesha karatasi yenye unga mweusi. Ni unga wa ndani ya betri, Amani aliununua barabarani, akaambiwa unaua mdudu wa jino. Nikautupa motoni na karatasi yake.

Nikarudi uwanjani. Na mkwe humwambii moja kwa moja jambo la namna hii, unampitishia muntu. Nikasimama hatua chache kutoka kwenye kiti cha mzee, nikaongea na mke wake.

"Mama Amani, umwambie mzee kwamba nampeleka mtoto Uvira sasa hivi."

Mzee naye akaongea akitazama ghala. "Umwambie bamukwe kwamba madaktari walipita. Mtoto alikataa mwenyewe."

"Umwambie alikataa kwa sababu ya heshima yake yeye."

Mama Amani akatutazama, huku na huku, mwiko bado mkononi. "Mumesikiana wote. Miye nirudie nini?"

Hakuna aliyecheka. Amani alikuwa ameingia kutoka shambani, akasema, Bibi, mpunga uko chini, mvua ikinyesha tumekwisha, tungoje kidogo, wale walioandika watarudi. Nikamwuliza kama mtoto wake atanyonya gunia.

Mzee akasema, kiganja bado shavuni, polepole, kama muntu anayepita juu ya mawe, "Umwambie nilikaa pale ili asiogope. Alikuwa anatetemeka. Nikasema, akiniona hapa atajua iko kwao."

Hasira nilikuwa nayo bado, tena nyingi, lakini sikujua tena pa kuiweka.

Akasimama. Akatoka uani bila kofia, akaenda hadi kwenye Fuso, akamwambia Saidi ashushe magunia yaliyokuwa karibu na kabini. Yalikuwa ya kwake, ya kwenda kuuzwa Uvira. Saidi akalalamika, akasema mwenye gari atamwua. Mzee akapanda mwenyewe akaanza kuyashusha. Pale palipobaki wazi akatandika mkeka, akashuka, akaenda zake nyuma ya ghala ili Furaha aweze kupita.

Mchana ulikuwa umegeuka tulipofika Sange. Daktari Neema alituona tukisimama, akaja mbio na kioo chake kidogo cha meno. Wakateremsha bashi pande zote za Fuso, tukabaki ndani wanawake watatu na mtoto kati ya magunia. Saidi alikwenda mbele kutazama gurudumu ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Fungua, mwanangu," daktari akasema. "Hakuna baba mkwe hapa."

Nilikuwa bado sijamweleza. Nikamtazama.

"Ulijua?"

"Nimejua sasa hivi, nilipoona unamfunika uso shofa alipokuwa anashuka." Akajipiga paji la uso. "Na miye nina baba mkwe, mama! Nikienda kwake nakunywa chai jikoni, nimesimama. Lakini siku ile nilikuwa nafikiria mwanga tu."

Furaha alifungua kidogo, pa kupitisha kidole. Harufu ikatoka. Daktari aliangaza kwa simu, akabonyeza chini ya taya, na uso wake ukabadilika.

"Mama, musisimame mahali popote. Nenda naye moja kwa moja. Nitawapigia simu."

Saidi, ambaye hangoji muntu, aliendesha kama amebeba mayai yanayowaka. Kwenye bariyeri yule askari akanyoosha mkono kusimamisha, akachungulia nyuma, akaniona, akaona na nilichobeba mapajani, kichwa cha Furaha. Akashusha kamba mwenyewe.

Tulifika hospitali jua likielekea upande wa milima. Chumba cha meno kilikuwa kimefungwa kwa kufuli.

"Wa meno ameenda wapi?" nikamwuliza mlinzi.

"Ameenda kwenye mafunzo."

"Mafunzo ya nini?"

"Ya meno, bibi."

Ninyi mnanijua. Sitaandika nilichosema. Lakini wauguzi walikuwa wamepata simu ya daktari Neema, wakamlaza, wakamtia maji na dawa kwenye mshipa, na asubuhi mganga wa meno akaja. Mzee wa makamo, peke yake kwa watu wote hawa, kuanzia huku mjini hadi bondeni na milimani. Mlangoni kwake walikuwa wamejipanga wengi, kila muntu ameshika shavu, kama familia moja.

Alimtoa lile jino, akafungua uvimbe, na kilichotoka sitakieleza, wengine mnasoma mkiwa mezani. Akauliza nani aliweka kitu cheusi. Nikamwambia aliyeweka iko Bwegera, anavuna. Akasema, "Bibi, ungemleta siku chache baadaye, uvimbe ungefika kooni, nami ningekuwa naangalia tu." Alisema taratibu, kama muntu aliyekwisha kuangalia hivyo mara nyingine.

Neno la kwanza Furaha alilosema likaeleweka lilikuwa, "Bibi, mtoto amekula?"

Alikaa kwangu Songo mpaka kidonda kikapona. Mlimwona, mlimletea uji, nawashukuru, isipokuwa yule aliyeleta miwa. Nilidhani mambo yamekwisha. Kisha daktari Neema akapiga simu. Anarudi kwenye ua ule, akasema, kwa wale wakaza mwana, na angependa niwepo. Nikamwambia miye si mtafiti. Akasema, najua, mama, ndiyo sababu. Kwa kuwa Furaha alikuwa anarudi kwake hata hivyo, nikapanda tena Fuso ya Saidi.

Tulipofika Bwegera safari hii, kiti cha mgongo mrefu kilikuwa hakipo uwanjani. Mama Amani akatuelekeza nyuma ya nyumba, upande wa jua. Kulikuwa na bashi imefungwa kwenye miti pande tatu, ile ya msaada, na ndani yake kimewekwa kiti cha mzee mwenyewe, kimepanguswa. "Alikibeba yeye," akasema Mama Amani. "Akaniambia nitangaze kwa sauti kwamba ameondoka, ameenda kwenye mfereji wa maji, na hatarudi mpaka aitwe. Nimetangaza hadi majirani wameniuliza kama amesafiri."

Wakaza mwana wakaingia mmoja mmoja. Walifungua. Kelele zilizotoka ndani ya ile bashi, na vicheko vyenye meno nje, sijawahi kusikia ukweni. Mmoja alikuwa na jino lililooza hadi mzizi na alikuwa hajamwambia hata mume wake. Mwingine aliulizwa akiumwa anakwenda wapi, akajibu, "Naenda kulala." Daktari akaliandika hivyo hivyo.

Mkiniuliza nilijifunza nini, si kikubwa. Wanaokuja kuhesabu wana faida yao, nimekubali, ingawa ningependa waje na koleo pia. Hospitali moja yenye kufuli moja haitoshi watu wote hawa, na hilo wataliandika mpaka wachoke. Lakini kabla hujamwomba muntu afungue kinywa, tazama kwanza ni nani amekaa karibu. Hilo miye nilikuwa nalijua, daktari alikuwa analijua, Mama Amani alikuwa analijua, mzee mwenyewe alikuwa analijua. Na bado mtoto nusura atufie mkononi.

Walipomaliza, daktari akasema anataka kumshukuru mzee. Nikamsindikiza hadi mferejini, nami nikiwa na ndagala nyingine, maana sikutaka ile dharau ilale kati yetu. Tulimkuta amekaa kwenye ukingo, kiganja shavuni. Nikamnyooshea mfuko. Akautazama kwa huzuni kabisa, na safari hii nikaona anavyosogeza taya, upande, kwa kuogopa.

"Mzee," daktari akasema, "siku ile ulisema utakuwa wa mwisho. Zamu yako imefika."

Mzee hakusogea. Alinitazama miye, kisha akatazama chini.

Nikageuka. Nikawapa mgongo wote wawili, nikatazama mpunga uliobaki na ndege wanaoushukia. Nyuma yangu nikasikia daktari anapiga magoti, nikasikia "aaa" ndefu ya muntu mzima, kisha daktari akavuta pumzi.

"Mzee! Hili lilianza lini?"

"Siku nyingi."

"Na siku ile tulikuwa hapa na vifaa vyote. Mbona hukufungua?"

Nikasikia anatema mate majini.

"Ningefungua namna gani," akasema Mzee Kashindi. "Mkaza mwana alikuwa pale."

Sikugeuka. Nikamwita Saidi kwa sauti ya kufika barabarani, nikamwambia ashushe magunia, atandike mkeka.